Figo za Asger, Msimu wa Miti ya Krismasi

Alhamisi, Oktoba 24

Kaka yangu Asger amelazwa tangu jana. Kwa wiki tatu amekuwa na homa ya kuja na kuondoka, anatoka jasho mpaka shuka zinalowa, na kwa wiki hizo tatu amekuwa akimwambia binti yake Tilde kwamba ni mafua tu. Jana alianguka katikati ya safu za miti, msumeno mkononi. Nashukuru ulikuwa umezimwa. Madaktari wamekuta vijidudu vimejikita kwenye vali moja ya moyo. Dripu ya wiki sita, wamesema, na hakuna njia ya mkato.

Msimu wa kukata miti ya Krismasi unaanza Jumanne. Miti elfu kumi na mbili inasubiri kukatwa, kuvishwa wavu na kupakiwa kwenye malori. Asger amelala anatazama dari kana kwamba miti yote iko huko juu.

Nilipoinama kumrekebishia mto nikasoma jina la dawa kwenye mfuko wa pili wa dripu. Gentamisini. Nilitafuta kiti nikakaa.

Naandika kwa kuwa sina wa kumweleza. Mimi ni Gudrun, fundi wa maabara chuo kikuu, nina miaka hamsini na tisa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa moja: kuwapa panya dawa hii hii, kuchukua figo zao siku ya saba, kuzikata vipande vyembamba kuliko karatasi, na kuhesabu kwa hadubini seli ngapi zimekufa.

Ijumaa, Oktoba 25

Nilimvizia daktari wa wodi kwenye korido. Anaitwa Maiken, katoka Visiwa vya Faroe, na nywele zake zilikuwa bado zina maji ya mvua kwa kuja na baiskeli. Anaweza kuwa mwanangu.

"Unajua dawa ile inazifanya nini figo?" nilimuuliza, bila hata salamu.

"Najua," alisema. "Lakini dawa ya kwanza peke yake haiviwezi vijidudu hivi. Zikiwa mbili zinaviua. Tukimwondolea hiyo ya pili vali inaharibika, na vali ikiharibika..." Aliniangalia akaona hana haja ya kumaliza. "Tunampa mara moja tu kwa siku, na damu tunaipima kila asubuhi. Nimemuuliza mara mbili kama anatumia dawa za maumivu. Anasema hatumii."

Niliondoka nimekasirika. Alikuwa sahihi kwa kila neno, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jumapili, Oktoba 27

Nimempelekea Asger kimfuko chake cha ngozi cha mswaki na kitana, kile alichosisitiza nisikisahau. Homa imeshuka. Kreatinini 91. Hiyo ni taka ya misuli inayotolewa na figo; ikipanda kwenye damu, ujue figo zinashindwa kazi. 91 ni safi kabisa.

Jumanne, Oktoba 29

93. Tilde ameanza kukata. Mvua.

Jumatano, Oktoba 30

92. Mvua.

Ijumaa, Novemba 1

Leo Asger alikuwa na nguvu za kugombana, nikafurahi. Alikuwa anakula mkate mweusi na ini la kusaga, anaulaumu kwamba hauna chumvi.

"Tilde anasema dawa hii ndiyo unayowaulia panya," alisema.

"Siwaulii. Nawapa, halafu natazama."

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye panya wako."

"Panya wangu hawalalamiki kuhusu chumvi."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Halafu akasema, "Haya, nieleze. Inafanyaje?"

Nikamweleza kama ninavyoweza. Figo huchuja damu, na maji yaliyochujwa hupita kwenye mirija midogo sana. Ukuta wa mirija hiyo umejengwa kwa seli ambazo kazi yao ni kuokota vitu vya maana visipotee na mkojo. Zina kitu kama mikono ya kuokotea, protini kubwa tunayoiita megalini. Mikono hiyo hudaka protini ndogondogo na vitamini, na kuviingiza ndani. Sasa dawa hii inapopita, ina umeme kidogo unaofanana na wa vitu vile, basi mikono inaidaka nayo. Seli inaimeza.

"Seli ina pupa," Asger alisema.

"Haina pupa. Ina bidii. Haijui kukataa."

Alitafuna kidogo. "Kama baba."

Sikutegemea hilo. Baba yetu alikuwa akichukua kila kazi aliyoletewa na kila jirani, mpaka mgongo ukamlaza. Nikaendelea. Dawa ikishamezwa inatupwa kwenye vifuko ambamo seli husagia taka zake. Lakini hii haisagiki. Tena inavifunga vimeng'enya vya kusagia, hivyo mafuta yanarundikana mle ndani tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu. Vifuko vinavimba. Vikipasuka, kilichomo kinamwagika, vile vijitanuri vinavyoipa seli nguvu vinazimika, na seli...

"Gudrun," alisema, "mimi ninakula."

Nilimwambia pia kwa nini anapewa mara moja kwa siku. Mikono ina idadi yake. Dawa ikija yote kwa pamoja, mikono inajaa, na nyingi inapita zake na mkojo. Ikija kidogo kidogo kutwa nzima, mikono inaiokota yote. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa injini mpya.

Nilipokuwa kwenye basi nikatambua kwamba hii ndiyo mara ya kwanza kaka yangu kuniuliza ninafanya nini kazini.

Jumamosi, Novemba 2

97. Makosa ya kipimo, labda.

Jumatatu, Novemba 4

121. Magnesi kwenye damu imeshuka, figo haziokoti tena madini hayo. Hayo si makosa ya kipimo. Mkojo wake bado mwingi, na anajisifu nao kwa wauguzi. Sikumwambia kwamba panya wangu nao hukojoa vizuri mpaka siku ya saba. Mkojo unatoka, ila umebeba maji tu. Taka inabaki nyuma.

Jumatano, Novemba 6

188. Maiken ameifuta gentamisini asubuhi hii, baada ya siku kumi na tatu, na kuweka dawa nyingine mahali pake. Alinipigia simu kazini kunieleza, ingawa hakulazimika. "Nilitaka uisikie kwangu," alisema.

Alhamisi, Novemba 7

274. Dawa ile haitoki siku unapoifuta. Iliyokwisha kumezwa imekaa mle ndani, na seli zinaendelea kufa zikiwa nayo.

Ijumaa, Novemba 8

Naandika siku hii kwa utaratibu, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilifika saa nne asubuhi. Kreatinini 396. Kibaya zaidi, mkojo umekatika: tangu jana jioni ametoa kiasi cha kujaza glasi moja ndogo. Uso umemvimba, vidole vimekuwa kama soseji. Maiken alikuwa amesimama mwisho wa kitanda na karatasi zake.

"Gudrun," aliniita, "panya wako, wakifika hapa, mkojo hukatika?"

"Hapana. Kwa dozi kama yake, hapana. Hukojoa mpaka mwisho."

"Ndivyo nilivyosoma na mimi. Basi kuna kitu kingine kinachobana. Picha ya figo haioneshi kizuizi. Presha yake ni nzuri. Sielewi."

Nilimpenda kidogo kwa kusema haelewi. Akaenda kupiga simu. Nikabaki na Asger, ambaye nywele zilikuwa zimemsimama kama za mtoto aliyetoka kuoga, nikasema nimchane. Nikafungua kimfuko cha ngozi kutafuta kitana.

Chini ya kitana kulikuwa na paketi tatu za vidonge vya maumivu, ibuprofeni. Mbili tupu. Ya tatu imebaki vidonge vinne.

Nilizipanga juu ya blanketi moja moja. Asger alizitazama, kisha akatazama dirishani.

"Mgongo," alisema.

"Uliulizwa mara mbili."

"Wangeninyang'anya. Kitanda hiki ni ubao, Gudrun. Miaka arobaini nimeinamia miti. Bila hivyo vidonge silali, na nisipolala nawaza miti."

Najua vidonge hivyo vinafanya nini. Figo inapokuwa taabani hutoa kemikali ya kuupanua mshipa mdogo unaoleta damu kwenye chujio, ili chujio lisikauke. Ibuprofeni huzuia kemikali hiyo isitengenezwe. Mtu mzima wa afya hahisi chochote. Lakini huyu kwanza kachomwa na dawa ile ndani ya mirija, halafu akajifungia damu mlangoni kwa mkono wake.

Na aliyevibeba vidonge hivyo ni mimi. Mimi niliyemkabili daktari wa watu kwenye korido kama polisi. Nilikifunga kimfuko kile kwa zipu, nikakiweka kwenye mkoba wangu, nikapanda nacho basi, sikukichungulia ndani hata mara moja.

Nilimfuata Maiken kwenye chumba cha wauguzi na paketi mkononi. Nilisema yote. Nilisema, "Ni mimi niliyezileta." Nilikuwa tayari kwa lolote ambalo angeniambia.

Alizichukua, akahesabu, akaandika. "Asante," alisema. "Hii ni habari nzuri."

"Nzuri?"

"Sasa kuna sababu ninayoweza kuiondoa leo. Dakika kumi zilizopita sikuwa nayo."

Kisha akarudi nami kwa Asger. Akavuta kiti, akakaa, akamuuliza amemeza vingapi kwa siku na tangu lini, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya viazi. Asger akajibu ukweli. Nikangoja karipio. Badala yake Maiken akasema, "Mimi nilikuuliza kuhusu dawa. Sikukuuliza kuhusu mgongo. Samahani kwa hilo."

Kaka yangu ana miaka sitini na nne, na sijamwona akilia tangu tulipomzika mama. Maiken alimpa karatasi ya kupangusia, akaenda kutafuta godoro laini. Alilileta mwenyewe, akilikokota kwenye korido na muuguzi mmoja.

Jumamosi, Novemba 9

Hakuna mkojo. 489.

Jumapili, Novemba 10

Potasi, chumvi ambayo figo zingeitoa, imepanda hadi pale inapoweza kuusimamisha moyo, na moyo wenyewe ni mgonjwa. Wamemwekea mrija shingoni na kumuunganisha na mashine ya kusafisha damu, kwa saa nne nzima. Leo ni mkesha wa Mtakatifu Morten, siku ambayo sisi Wadenmaki hula bata, na jengo zima lilinukia bata wa kuoka. Asger hakuruhusiwa hata mchuzi. Alifumba macho. Nilimshika mkono uliovimba nikaitazama damu yake ikienda na kurudi.

Tilde alikuja kutoka shambani na matope mpaka magotini. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia.

Jumanne, Novemba 12

Nilirudi kazini kwa sababu seli zangu za kuoteshwa zinahitaji kulishwa, na kwa sababu mashine inamhudumia Asger vizuri kuliko mimi. Saa tano niliangusha trei ya vioo vya hadubini. Thelathini na sita, vyote chini.

Profesa wetu, Holger, alitoka ofisini kwake kwa mlio ule. Holger si mtu wa maneno. Katika miaka kumi na tisa nimemsikia akisema "nzuri" mara nne, na moja ilikuwa ya keki. Siku zote nimeamini kwamba kwake mimi ni mkono unaoshika kisu. Alichuchumaa akaanza kuokota vioo pamoja nami.

"Kuna nini?" aliuliza, akiwa anatazama sakafu.

Nikamwambia. Dawa, siku kumi na tatu, vidonge, kimfuko. Hakusema pole. Aliendelea kuokota mpaka kioo cha mwisho, akasimama kwa kushika meza, akauliza, "Masanduku ya vioo vya siku ya ishirini na moja bado unayo?"

Ninayo. Kila mwaka tuliwaacha panya wachache waishi mpaka siku ya kumi, wengine ya kumi na nne, wengine ya ishirini na moja baada ya dawa, tukazichukua figo zao, nikazikata na kuzitia rangi, nikaziweka kabatini. Hatukuwahi kuzihesabu. Swali letu lilikuwa seli ngapi zimekufa siku ya saba, na dawa gani ya kuziba mikono ya megalini ingepunguza vifo hivyo.

Tulikaa kwenye ile hadubini ya watu wawili, magoti yetu yanagongana. Aliweka kwanza kioo cha siku ya saba, ninachokijua kama kiganja changu: ukuta wa mrija umebaki mtupu, seli zilizokufa zimebanduka na kuziba njia. Kisha siku ya kumi. Sikuwahi kukitazama kwa makini. Pale palipokuwa wazi palikuwa na seli nyembamba, bapa, zimejinyoosha kama mtu anayejaribu kufunika kitanda cha watu wawili kwa shuka la mmoja.

"Hizi ni zile zilizobaki," Holger alisema. "Zinasahau kazi yao kwa muda. Haziokoti tena, hazina mikono. Zinajilaza na kutambaa, zinafunika."

Siku ya kumi na nne. Viini vya seli vilikuwa vya kahawia kwa rangi tunayotumia kuonesha seli inayogawanyika. Vilikuwa vingi. Nilianza kuvihesabu kwa mazoea, nikapotea baada ya mia mbili.

Siku ya ishirini na moja zilikuwa zimesimama. Ukuta umejaa, seli nene, zimejipanga, na juu yake nyuzinyuzi laini za kuokotea zimeota upya. Niliinua macho kwenye hadubini, maana sikuona tena.

"Zote hurudi?" niliuliza.

"Si zote. Palipoharibika sana hubaki kovu. Na kaka yako si panya, kwake itachukua muda." Akazima taa ya hadubini. "Lakini ndivyo figo inavyofanya ikiachwa ipumue. Haihitaji kufundishwa. Nenda hospitali. Seli nitazilisha mimi."

"Hujazilisha tangu mwaka gani?"

"Nina shahada," alisema.

Kwenye basi niliwafikiria panya wale wa siku ya ishirini na moja. Nimewashika kwa mikono yangu na sijawahi kuwashukuru. Leo niliwashukuru, kimoyomoyo, mwanamke mzima mbele ya abiria.

Alhamisi, Novemba 14

Mkojo: kikombe kimoja cha kahawa, hakikujaa. Mashine. Namba za kreatinini hazina maana sasa, kwa kuwa mashine inazishusha yenyewe.

Ijumaa, Novemba 15

Hakikujaa. Upepo mkali, feri zimesimama.

Jumapili, Novemba 17

Tilde alikuja na orodha. "Nimeuza safu zote za upande wa mashariki," alimwambia baba yake. "Zimeshakatwa. Sikukuuliza."

Asger aliisoma orodha. "Ungeniuliza ningekataa."

"Ndiyo maana."

"Ile ni miti mirefu. Ningeiacha mwaka mmoja zaidi."

"Najua, baba. Lakini mwaka huu ndio nina watu wa kuikata."

Alimtazama binti yake kama mtu anayesoma kibao cha barabarani akagundua amepita njia panda zamani. "Haya," alisema. Tilde alipotoka Asger aliniambia, "Umemsikia?" Nikamwambia nimemsikia. "Mama yake mtupu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mrija ule uwekwe shingoni akaomba mto wa pili ili akae.

Jumanne, Novemba 19

Kikombe. Kimejaa.

Alhamisi, Novemba 21

Mililita mia nne na hamsini. Maiken alinionesha chupa kama anayeonesha mvinyo. Kazini, Holger amezilisha seli zangu wiki nzima. Kwenye kila chupa kabandika karatasi yenye tarehe na alama ya kuuliza. Mbili zimeota ukungu.

Jumamosi, Novemba 23

Lita moja na nusu.

Jumapili, Novemba 24

Lita mbili na nusu. Mashine haikuwashwa leo.

Nilikuwa nimebeba maneno yangu siku kumi na sita, nikaona niyatue. Nilimwambia Asger kwamba mtu yeyote mwingine angekifunga kimfuko kile bila kujua, lakini mimi nilijua hatari ya dawa za maumivu. Kama kuna mtu mmoja katika nchi hii aliyepaswa kukichungulia, ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe uliniletea mfuko. Mimi ndiye niliyemeza. Nina miaka sitini na nne, Gudrun, nimemdanganya daktari kwa kinywa changu. Usininyang'anye hata hilo."

Baadaye akasema, akiwa ameelekea dirishani, "Miaka yote nilidhani unacheza na panya. Sikujua ni sisi unaotuhangaikia."

Nilimmenyea chungwa, nikakumbuka kwamba lina potasi na bado hajaruhusiwa, nikalila mwenyewe. Alilaani kila kipande nilichotafuna.

Jumatatu, Novemba 25

Lita nne na robo. Wauguzi wanabadilisha chupa kama wanaokamua ng'ombe. Seli mpya bado hazijui kurudisha maji mwilini, basi yanapita tu. Sasa ni kumnywesha asikauke. 498, bila mashine.

Jumatano, Novemba 27

455, bila mashine. Inashuka yenyewe. Maiken aliiandika namba nyuma ya mkono wake kwa kalamu kwa kuwa hakuwa na karatasi, akapanda ngazi kuja kuniambia.

Jumapili, Desemba 1

340. Muuguzi kaweka mshumaa wa umeme dirishani kwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mrija wa shingoni umetolewa.

Jumanne, Desemba 3

Asger aliomba kuona. Nilichapisha picha mbili, ya siku ya kumi na nne na ya siku ya ishirini na moja, nikamwekea kwenye trei ya chakula. Alivaa miwani. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama chochote kisichoota ardhini.

"Hizi za kahawia ndizo mpya?"

"Ndizo."

"Zinapandwa na nani?"

"Hakuna. Zilizobaki zinajigawa."

Maiken aliingia akazikuta. Akaomba kuelezwa, kwa kweli akaomba, akavuta kiti kilekile. Nikaeleza kwa mara ya pili, na safari hii Asger alinisahihisha niliporuka habari za kitunguu. Maiken alisema amesoma hayo yote kwa mtihani na kuyasahau, na kwamba kesho kuna mama mmoja chumba cha tisa anayeanzishiwa dawa ile ile. "Nitamuuliza kuhusu mgongo," alisema.

Nilidhani ni mtoto mdogo, yule niliyemkabili kwenye korido. Nilikuwa na haraka ya kudhani.

Jumatano, Desemba 4

Wiki sita zimetimia. Dripu ya mwisho. Damu haina kijidudu, vali imeshikilia.

Ijumaa, Desemba 6

241. Holger kaniletea ofisini fomu ya kuomba utafiti mpya: masanduku yote ya siku ya ishirini na moja, yahesabiwe. Jina langu kaliweka juu, la kwake chini. Nilimwambia amekosea mpangilio. "Sikukosea," alisema, akaenda zake.

Jumanne, Desemba 10

183. Baridi kali, kavu, hali ya hewa nzuri ya kukata. Tilde amepakia lori la mwisho. Miti elfu kumi na moja na mia nane, na kidole kimoja kilichofungwa bendeji, cha kwake.

Ijumaa, Desemba 13

Leo nimemrudisha Asger nyumbani. 149. Maiken anasema pengine itatulia hapo karibu, asitegemee 91 tena. Kuna kovu, lakini ana figo za kumtosha. Vidonge vile, kamwe. Kwa mgongo ana mazoezi kwenye karatasi, na mtaalamu atakuja kila Alhamisi. Asger aliagana naye kwa kumshika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilimkumbatia, nadhani bila kumuuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa maneno mazuri. Kilichotoka ni, "Vaa kofia kwenye baiskeli." Akasema atavaa.

Tulikuwa tumeshapita mji, tunaingia Djursland, upande wa shamba lake, Asger anazitaja nyumba zote kana kwamba zilikuwa zimehama, alipogonga dashibodi.

"Simamisha."

"Kuna nini? Maumivu?"

"Simamisha tu gari, dada."

Hajaniita dada tangu utotoni. Niliegesha kando ya shamba la viazisukari lililokwisha kuvunwa. Alitoka taratibu, akishikilia mlango, akavuka mtaro mdogo, akasimama kuipa mgongo dunia nzima. Nilitoka nami, asije akaanguka, nikasimama upande wa pili wa gari nikiwa nimeigeukia barabara. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza.

Nilimsikia. Ulikuwa mkojo wa mtu mwenye haraka, wenye nguvu, unaopiga kwenye majani makavu na kuendelea na kuendelea. Mimi ninayejua kila hatua ya safari ile, kutoka kwenye damu mpaka kwenye chujio, mpaka kwenye ukuta wa seli zilizojilaza, zikagawanyika, zikasimama, nilisimama kwenye matope nikisikiliza, na machozi yalinitoka hata sikuyapangusa.

Trekta lilipita. Dereva alituangalia, akainua mkono kusalimia. Nikamsalimia.

"Gudrun," Asger aliita nyuma yangu. "Umelala huko? Nimemaliza zamani, nalowa."

"Nakuja," nilisema. "Nipe dakika moja."

Alinipa.